Mwanafunzi Aliyeniomba Kaburi

Waliokuwa nami juma lililopita waliniacha nimekaa chumbani kwangu mjini Biharamulo, hedifoni masikioni, mkono umeganda juu ya kompyuta, nikisikiliza sauti ya mwanamke ambaye sikutarajia kumsikia tena duniani.

Kwa wewe uliyeshika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, nitalisema jambo lenyewe kwa ufupi. Halizoeleki hata nilirudie vipi.

Naitwa Agripina. Mwezi wa tano mwaka 2015, Warundi walipokuwa wanavuka mpaka makundi kwa makundi, mwanamke mmoja alifika nyumbani kwa mama yangu, Mugoma, huko Ngara. Mgongoni alikuwa na mtoto wa kike wa miezi minane. Aliniomba nimshikie mtoto siku mbili tu, arudi ng'ambo kumtafuta mumewe.

Mimi nilikuwa nimemzika mwanangu Alfonce wiki tatu kabla. Alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Maziwa yangu yalikuwa bado yanatoka.

Siku mbili zikapita. Ikawa wiki. Yule mwanamke alirudi siku ya kumi na mbili. Nilikutana naye njia ya kisimani, mvua inanyesha, kabla hajafika nyumbani. Nikamwambia mtoto amefariki kwa homa na tumeshamzika.

Alikaa palepale kwenye matope. Hakulia. Wenzake walikuja wakamnyanyua, wakampeleka kwenye gari lililokuwa linawabeba wakimbizi.

Nilipofika nyumbani nikamwambia mama yangu, Kezia, kwamba nimesikia yule Mrundi ameuawa huko alikorudi.

Kwa mdomo huu huu nilimuua mtoto mbele ya mama yake, kisha nikamuua mama mbele ya mama yangu. Na wote wawili walikuwa wazima.

Mtoto nikampa jina la Kalista. Nikahama naye kwenda Biharamulo, mahali ambapo hakuna aliyejua kwamba mume wangu Jovitus alikwishaniacha tangu msiba wa Alfonce. Kila aliyeniuliza nilimwambia ni wangu wa kumzaa.

Sasa tuendelee.

*

Kazi niliyokuwa nayo wakati huo, mwaka 2017, ilikuwa ya kufundisha watu nisiowaona. Kampuni ilikuwa na ofisi Mwanza, lakini sijawahi kukanyaga huko. Walinitumia kompyuta kwa basi. Bosi wangu, Dada Anneth, nilimjua kwa sauti tu. Mshahara uliingia kwenye simu. Mwenye nyumba wangu alikuwa akinisikia naongea peke yangu chumbani tangu asubuhi, akawaambia majirani huenda nina mashetani.

"Mwalimu gani asiyeshika chaki?" aliniuliza siku moja.

Tulifundisha kazi ya kuhudumia wateja kwa simu. Namna ya kusalimia, ya kumtuliza mtu mwenye hasira, ya kusema hapana bila kumuudhi. Mwanafunzi alirekodi zoezi kwa sauti yake, akalituma. Mimi nilisikiliza, nikatoa maksi. Kwenye skrini kila mtu alikuwa jina na kidoti cha kijani. Kidoti kikiwaka, ujue yuko.

Mwaka huo wafadhili walilipia wanafunzi thelathini walioko kwenye kambi moja ya Warundi, upande wa Kibondo. Mmoja wao aliitwa Ildefonsa. Yule mwanamke wa Mugoma hakuwahi kunitajia jina lake. Kwa mama yangu tulimwita Mama Kaneza, kwa jina la mtoto. Kwa hiyo jina la Ildefonsa halikunishtua hata kidogo.

Mpaka zoezi la nne. *Ongea dakika tatu kuhusu siku usiyoisahau.*

"Habari za kazi, mwarimu. Mimi ni Ildefonsa. Siku nisiyoisahau ni siku ya mvua, kule Mugoma. Niliambiwa mtoto wangu amekufa. Aitwaye Kaneza. Niliambiwa njiani, hata nyumbani sikufika..."

Aliongea taratibu, sauti haipandi wala haishuki. Akamaliza hivi:

"Mwarimu, tulisikia wewe ni mtu wa Ngara. Mimi sitaki maksi. Nataka unionyeshe kaburi la mtoto wangu."

Hapo ndipo nilipowaacha juma lililopita.

Nilirudisha rekodi nyuma, nikasikiliza tena. Nikarudisha tena. Mara ya tatu waya wa hedifoni ukachomoka, sauti ikamwagika chumba kizima.

Kalista alikuwa mlangoni anachezea vifuniko vya chupa. Akaacha. Akasimama wima, kichwa ameinamisha upande.

"Mama, nani huyo?"

"Hakuna mtu. Ni kompyuta."

"Anasema nini?"

"Anasoma."

Akaja akaketi sakafuni karibu na meza, akasikiliza mpaka mwisho, kidole mdomoni. Alikuwa ameacha kunyonya kidole muda mrefu.

Nikaifunga kompyuta kwa nguvu.

*

Sheria ya Kampuni ilikuwa zoezi lisahihishwe kabla ya saa ishirini na nne kupita. Unajua niliandika nini?

*Sauti nzuri. Matamshi yanaeleweka. Punguza kituo kati ya sentensi. Nane kwa kumi.*

Nilimpa mama mwenye msiba wa uongo nane kwa kumi.

Kisha nikajaribu kuifuta rekodi. Skrini ikaniambia ombi limepelekwa kwa msimamizi. Dakika tano hazikupita, Dada Anneth akapiga.

"Agripina, mbona unataka kufuta zoezi la Ildefonsa?"

"Sauti ilikuwa na mikwaruzo."

"Mikwaruzo gani? Nimeisikiliza yote. Nimelia hapa ofisini mpaka wenzangu wakaniuliza kuna nini."

Akapenga kamasi.

"Sasa sikia. Mtihani wa mwisho tunafanyia Ngara mjini, Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Wale kumi waliofanya vizuri watapewa kibali cha kutoka kambini, gari litawaleta na kuwarudisha siku hiyo hiyo. Ildefonsa ni wa kwanza darasani. Wewe utasimamia. Mkimaliza utampeleka huko Mugoma aone kaburi la mwanawe."

"Dada, mimi si mtu wa Mugoma."

"Fomu yako ninayo mbele yangu. Mahali pa kuzaliwa, Mugoma."



"Nitauliza," nikasema. "Makaburi ya wakimbizi ni mengi."

"Uliza. Wewe ni mama, Agripina. Unaelewa."

*

Tangu siku ile sauti haikunitoka. Nikiosha vyombo naisikia. Nikimfunga Kalista vifungo vya sare ya chekechea, naisikia inasema *hata nyumbani sikufika*. Nilikuwa nazima kompyuta na kuifunika kwa kanga, kama mtu anavyofunika kioo penye msiba. Nikiifunua asubuhi, kidoti cha Ildefonsa kinawaka. Siku zote alikuwa wa kwanza kuingia. Haandiki kitu, hasemi kitu. Kinawaka tu.

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya mazungumzo ya moja kwa moja. Kila mwanafunzi alitakiwa kunipigia kupitia mtandao, mimi nijifanye mteja mwenye hasira, yeye anitulize.

"Habari, umepiga huduma kwa wateja. Mimi Ildefonsa, nikusaidie nini?"

"Mmeniibia!" nikasema, kama karatasi ilivyoelekeza. "Nimelipia kitu changu, sijakipata. Nataka kitu changu!"



"Pole sana, mama," akasema. "Mtu akichukuliwa kitu chake, lazima aumie. Tutakitafuta pamoja mpaka kipatikane."

Lilikuwa jibu sahihi kabisa. Liko kwenye kitabu chetu, ukurasa wa kumi na moja.

Kabla sijajibu, mlango ukafunguka kwa kishindo. Kalista akaingia analia, goti limechubuka.

"Mama! Mama nimeanguka!"

Nikaziba maiki kwa kiganja. Nilichelewa.

Nilidhani mtandao umekata. Nikaangalia kidoti. Kinawaka.

"Una mtoto, mwarimu?"

"Ndiyo."

"Wa kike?"

"Ndiyo."

"Ana miaka mingapi?"

Kalista alikuwa amefika miaka mitatu na miezi kadhaa.

"Miwili," nikasema.

"Anaongea vizuri," Ildefonsa akasema. "Kwa miaka miwili, anaongea vizuri sana."

Nikakata. Kwenye ripoti nikaandika *tatizo la mtandao*.

*

Niliwaza kutoroka na mtoto. Niliwaza kwenda Geita, hata Tabora. Lakini mtu anayekimbia huulizwa anakimbia nini, na mimi nilikuwa nimechoka kutunga.

Ndipo shetani akanipa wazo. Kaburi lipo. Kaburi la mtoto, nyuma ya migomba ya mama yangu, limeota nyasi. Aonyeshwe hilo. Alie, afute machozi, arudi kambini. Nani ataumia? Alfonce alikwishakwenda, hawezi kulalamika kwamba mama mwingine anamlilia.

Ndiyo, niliwaza hivyo. Nimesema nitaungama yote.

Kwamba angenikumbuka sura au nyumba sikuogopa; alifika mara moja tu katika vurugu, na miaka miwili na nusu ilikuwa imepita. Palikuwa na vikwazo viwili. Cha kwanza ni mama yangu, aliyeamini kwamba yule Mrundi ni marehemu. Cha pili ni msalaba wa mbao uliosimama kichwani mwa kaburi, wenye maandishi ya rangi nyeusi: *Alfonce*.

Alhamisi, siku moja kabla ya mtihani, nikamwacha Kalista kwa mwenye nyumba, nikapanda Haisi ya Ngara. Kupita Nyakahura mpaka Benako abiria walikuwa wanapiga soga, mimi nilikuwa nasoma midomo yao tu. Jioni nikafika Mugoma.

"Mbona mjukuu wangu hukumleta?" mama akauliza kabla hata ya kunipokea mzigo.

"Shikamoo mama. Ana shule."

"Marahaba. Shule ya mtoto wa miaka mitatu!"

Tulipokuwa tunakula nikamwambia shangazi wa Nyakisasa amezidiwa, ametuma salamu kwamba anataka kumwona kesho bila kukosa.

Mama aliweka tonge chini. "Leonida? Nani amekuambia?"

"Nimekutana na mtu kwenye gari."

"Basi nitaondoka alfajiri."

Ulikuwa uongo wa tatu wa ugonjwa na kifo, na ulitoka kirahisi kuliko ule wa kwanza na wa pili.

*

Ijumaa mama alipokata kona ya barabara, nilikwenda nyuma ya migomba.

Umande ulikuwa bado haujakauka. Nikaushika ule msalaba kwa mikono miwili, nikautikisa. Haukutoka. Jovitus aliuchimbia vizuri, ndilo jambo la mwisho aliloifanyia nyumba yetu. Nikapiga magoti, nikafukua udongo kwa jembe, nikavuta tena.

Ulipotoka ulitoa sauti ndogo, kama mtu anayevuta pumzi.

Nikaketi pale chini na jina la mwanangu mapajani. Nilitaka kumwambia kitu. Nitamwambia nini? Kwamba leo asijibu akiitwa kwa jina lake?

Nikauficha msalaba chini ya majani makavu ya migomba. Nikanawa mikono. Nikapanda bodaboda kwenda Ngara mjini kusimamia mtihani.

*

Ukumbi wa mtihani ulikuwa na meza kumi na kompyuta kumi. Gari la kambini lilifika saa tatu. Walishuka mmoja mmoja, nami nikawa nawatazama nikijaribu kuoanisha sauti na sura. Yule mwenye kicheko, kumbe ni mrefu hivi. Yule mkali, kumbe ni mtoto wa shule.

Ildefonsa alishuka wa mwisho.

Nilimkumbuka akiwa amelowa, kilemba kimemwangukia usoni. Sasa alikuwa amevaa gauni la bluu lililopigwa pasi, nywele fupi. Alikuwa mwembamba. Alinipa mkono, akaushika wangu muda mrefu kuliko kawaida, akiniangalia usoni kama mtu anayesoma barua.

"Hatimaye, mwarimu," akasema.

"Karibu Ngara."

"Asante. Nilishawahi kupita."

Alimaliza mtihani kabla ya wote. Dada Anneth alinitumia ujumbe kwenye simu: *Usisahau picha ya kaburini, lakini mwombe ruhusa kwanza.*

Tulipanda bodaboda moja, yeye katikati, mimi nyuma. Tukafuata lami ya Kabanga, kisha tukakata kuingia Mugoma. Njia nzima hakuuliza lolote. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali: homa ilianza lini, nani alichimba, padri alikuja? Majibu yote nilikuwa nayo kichwani, nimeyapanga. Hakuuliza hata moja.

Na kitu kingine kilinitia wasiwasi. Mtu anayekwenda kuona kaburi la mwanawe baada ya miaka miwili na nusu hubeba hata mshumaa. Ildefonsa alikuwa mikono mitupu.

Bodaboda tukaiacha barabarani. Nikamtangulia kupita uani, nikapita migomba.

"Ni hapa," nikasema. "Wenyeji wamenielekeza kwamba ndiye yule mtoto wa Kirundi. Pole sana."

Alisimama miguuni pa kaburi. Akaliangalia. Akatembea polepole kulizunguka, hatua kwa hatua, midomo inacheza kama anayehesabu.

"Ni refu," akasema.

"Nini?"

"Kaburi. Kaneza alikuwa miezi minane. Ningeweza kumlaza hapa mpaka hapa." Akaonyesha kwa mikono. "Hili ni la mtoto aliyekwishaanza kutembea."



Akainama penye udongo uliofukuliwa. Akatia kidole kwenye tundu. "Na hapa palikuwa na kitu. Kimetolewa leo."

"Labda mifugo..."

Sikumaliza. Nyuma yetu majani ya migomba yalichakacha na sauti ya mama yangu ikaja mbele yake, imejaa hasira.

"Agripina! Umekuwa mtu wa namna gani? Leonida nimemkuta stendi anauza ndizi, mzima kama chuma! Hata mafua hana! Kwa nini unanitembeza..."

Akatokeza. Akamwona mgeni.

Kapu likamtoka mkononi.

Sijawahi kumwona mama yangu anaogopa. Alirudi nyuma hatua moja, akafanya ishara ya msalaba. Kisha akasema kwa Kihangaza, na kwa Mrundi lugha hiyo haihitaji mkalimani:

"Wewe si ulikufa?"

Ildefonsa akanyanyuka taratibu.

"Nani alikuambia nimekufa, mama?"

Mama alinigeukia mimi. Macho yake yakatoka kwangu yakaenda kwenye kaburi, yakasimama pale ambapo palikuwa na msalaba.

"Na jina la mjukuu wangu liko wapi?" akauliza kwa sauti ndogo.

Alikwenda mwenyewe kwenye lundo la majani, kama aliyeambiwa, akapekua, akautoa msalaba. Akaufuta udongo kwa kanga yake. Akamwonyesha Ildefonsa.

"Hapa amelala Alfonce. Mtoto wa huyu. Mtoto wako sikumzika mimi, binti yangu. Mtoto wako nilimbeba mgongoni, nikamkogesha, nikamlisha uji. Mimi niliambiwa ni yatima."

Nilingoja Ildefonsa apige kelele. Nilingoja anirukie, anirarue uso. Mungu wangu, nilitamani anirarue.

Alikaa chini kwenye nyasi, kando ya mwanangu.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?" nikauliza.

"Somo la kwanza kabisa. Uliposema *karibuni wote, mimi ndiye mkufunzi wenu*. Kuna sauti moja tu iliyoniambia mtoto wangu amekufa. Unadhani nitaisahau? Nilitoka kwenye chumba cha kompyuta nikatapika. Wenzangu wakadhani nina mimba."

"Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani? Mimi mkimbizi, wewe mwarimu. Niseme nimemtambua mtu kwa sauti? Sauti ni karatasi? Ina muhuri?" Alitikisa kichwa. "Na wakati huo nilijua sauti tu. Nilikuwa najua mtoto amekufa na wewe ndiye uliyeniambia. Nilitaka kaburi kwelikweli. Zoezi la nne nilikuomba kaburi kwa nia nzuri."

"Na baadaye?"

"Baadaye ulinipa maksi, ukakaa siku nyingi bila kunijibu kuhusu kaburi. Mtu anayeombwa aonyeshe kaburi hujibu. Kisha nikamsikia mtoto analia, anasema ameanguka. Nikakuuliza umri." Akaniangalia. "Mwarimu, ungesema mitatu, huenda nisingewaza. Wewe ukasema miwili."

Mama yangu alikuwa amekaa upande wa pili wa kaburi, msalaba kifuani, anayumba taratibu.

"Nikasoma," Ildefonsa akaendelea. "Walisema watakaofaulu ndio watakaopewa kibali cha kutoka. Nikasoma masomo yote kumi na mawili. Kila asubuhi nilikuwa wa kwanza kuingia. Sikutaka kazi ya simu. Nilitaka kuja hapa."

Nilianguka kwa magoti. Maneno yote niliyowafundisha watu, ya kuomba radhi, ya kutuliza, ya kurasa zote za kitabu, hakuna hata moja lililokuja. Nikasema tu, "Nilikuwa na maziwa."

Hakuonekana kushangaa.

"Yangu pia yalitoka," akasema. "Siku ile njiani, na siku nyingi baadaye. Niliyakamulia chini."

Mama akaanza kulia. Mimi sikuthubutu.

"Anaitwa nani sasa?" Ildefonsa akauliza.

"Kalista."

Alilijaribu mdomoni bila sauti.

"Anajua wewe ni mama yake?"

"Hana mwingine anayemjua."

"Anaumwa?"

"Hapana. Ni mzima. Anaogopa mbuzi. Anapenda..."

"Usiniambie anachopenda," akanikata. "Usiniambie."

Kutoka barabarani dereva wa bodaboda alipiga honi mara mbili. Gari la kambini lilikuwa linaondoka Ngara saa kumi, na asiyerudi nalo kibali chake kinafutwa.

Ildefonsa alisimama, akakung'uta gauni lake la bluu. Akatoa simu ndogo ya vibonyezo mfukoni, akaangalia saa.

"Jumanne narudi Burundi," akasema. "Nimejiandikisha na wanaorudi kwa hiari. Mume wangu alionekana, yuko kwetu, mgonjwa. Orodha ya mabasi inafungwa leo. Karani aliniuliza asubuhi, katika familia yako mnakwenda wangapi? Nilimwambia sijui. Nikamwambia anipigie saa tisa, nitakuwa na mtu anayejua."

Mama yangu akainua uso. "Agripina," akasema. Jina langu tu.

Nikamwona Kalista na goti lake lenye plasta. Nikamwona amesimama kwenye foleni ya basi, ameshika mkono wa mwanamke asiyemjua, anageuka kunitafuta. Kisha nikamwona mwanamke yule njia ya kisimani, amekaa kwenye matope, na mimi nimesimama mbele yake na ndoo ya maji kichwani, nangoja aondoke.

Simu ikaita mkononi mwa Ildefonsa.

Hakuipokea haraka. Aliiacha iite, ananitazama. Kisha akabonyeza, akaweka sauti kubwa, akanyoosha mkono juu ya kaburi la Alfonce mpaka simu ikawa mbele ya mdomo wangu.

"Mjibu wewe, mwarimu," akasema. "Si ndiyo kazi yako?"

"Haloo?" ikasema sauti ya mwanamume, yenye haraka, karatasi zinachakacha nyuma yake. "Haloo, Ildefonsa? Nafunga ukurasa huu. Niandike mmoja au wawili?"